Pumzi ya Mama Nyumbani kwa Mkwe

Mama alikuja kukaa kwetu Makole, Dodoma mjini, msimu wa upepo, mavuno yakiwa yameshaingia ndani, kwa sababu ya kifua. Ndivyo alivyosema kwenye simu: kifua. Kijijini kwetu, upande wa Mvumi, neno hilo hubeba kila kitu kilichoko kati ya shingo na kitovu. Mafua yaliyoshuka ni kifua, pumu ni kifua, kichomi ni kifua, kifua kikuu nacho ni kifua tu. Mtu akifa watu huuliza alikuwa anasumbuliwa na nini, hujibiwa kifua, na mazungumzo huishia hapo. Mimi ni mwalimu wa biolojia wa sekondari na jambo hilo limenikera tangu nilipoanza kazi. Nikamwuliza mama kifua kinafanyaje. Akasema kinabana, halafu akakohoa kwa muda mrefu mpaka nikadhani simu imeanguka.

Sababu sikuhitaji kuitafuta. Mama amepika ndani maisha yake yote. Nyumba yetu ni tembe, ya miti na udongo, hata paa lake ni bapa na limefunikwa udongo, na mafiga yako kwenye chumba cha ndani kisicho na dirisha. Wageni huona huo ni ujinga. Si ujinga. Juu ya mafiga, kwenye boriti, hutundikwa masuke ya uwele na mtama yaliyochaguliwa kwa ajili ya mbegu, na moshi ndio unaozuia wadudu wasiyatoboe mpaka mvua zinyeshe. Mwanamke anayepikia nje atapata hewa safi mwaka huu, na mwakani atazunguka kwa majirani kuomba mbegu. Mama hajawahi kuomba mbegu kwa mtu, na alipenda watu walijue hilo. Nilipokuwa mdogo niliingia chumba kile kwa kuchuchumaa, maana hewa ya kuvuta ilikuwa chini karibu na sakafu. Yeye alisimama katikati ya moshi akigeuza masuke yake, akiongea kama kawaida.

Darasani mapafu nayafundisha kwa chupa ya maji. Naikata kitako, naingiza puto moja mdomoni mwa chupa likining'inia ndani, na kule chini nafunika kwa kipande cha puto jingine nililolipasua. Ukivuta kile kipande cha chini, puto la ndani linajaa lenyewe. Wanafunzi hushangaa kila mwaka, na kila mwaka nafurahia mshangao wao. Wanadhani mapafu yana nguvu, yanafungua na kufunga kama ngumi. Mapafu hayana msuli wa kujivutia hewa. Yanafunguliwa na mbavu zinazopanda na msuli mpana unaoshuka chini yake, na yakiachiwa hujirudia yenyewe. Yaani kiungo chenyewe tunachokitegemea kila dakika ni kizembe, kinasubiri kusukumwa na jirani zake.

Baada ya hapo nawafundisha usafi wake. Njia za hewa zimetandikwa ute, na juu yake kuna vinyweleo vidogo mno ambavyo havitulii, vinasukuma ute kuelekea kooni pamoja na vumbi, masizi na vijidudu vilivyonasa. Moshi wa miaka mingi huviua vile vinyweleo, na ute huzidi badala ya kupungua. Hapo mwili unabaki na mfagio mmoja tu, nao ni kikohozi. Huwa nawaambia wanafunzi wasikichukie kikohozi, maana mtu asiyeweza kukohoa ndiye wa kuogopewa. Nimelisema hilo mara nyingi sana, kwa sauti ya mtu anayesoma ratiba.

Mume wangu alizaliwa na kukulia Dar es Salaam, kwenye nyumba ya kupanga yenye vyumba vingi chini ya dari moja, ambako kila mpangaji anamjua mwenzake kwa kukoroma kwake. Alihamia Dodoma pamoja na wizara yake. Mama yake mzazi alikuwa ameshafariki tulipooana, na tangu mwanzo alimpenda mama yangu waziwazi, kwa sauti kubwa, kwa namna ambayo ilimtesa mama. Kwetu Ugogoni mkwe wa kiume na mama mkwe wanaheshimiana kwa kukaa mbali. Hawali pamoja. Wakikutana njiani mmoja anakwepa. Salamu hutolewa kwa macho yaliyogeuzwa pembeni, na zaidi ya salamu hakuna. Nilimweleza mume wangu kabla ya ndoa, akaitika kwa adabu, kama mtu anavyoitika anapoelezwa mila za Wachina. Mama alipoteremka kwenye gari siku ile, mume wangu alimpokea mzigo, akamshika mkono, akamwita mama yangu kipenzi. Mama alitazama mti wa mwarobaini uliokuwa upande wa pili wa barabara mpaka mkono wake uliporudishwa.

Hospitali tulianza na makohozi. Nesi alinipa kikopo, nikaenda na mama nyuma ya jengo, penye upepo, akakohoa kutoka ndani kabisa na kukijaza bila shida. Mume wangu alikuwa amekwenda kuegesha gari. Majibu yalikuja: hana kifua kikuu. Picha ya eksirei nayo haikuonyesha hicho. Daktari, mama wa makamo asiyependa kupoteza maneno, akasema basi tupime pumzi yenyewe.

Mashine ya kupima pumzi ni kitu kidogo kisichotisha, bomba la karatasi lililounganishwa na kikompyuta. Kazi iko kwa mgonjwa. Anatakiwa avute hewa mpaka ashindwe, abane bomba kwa midomo, kisha apulize yote kwa nguvu, kwa ghafla, na aendelee kupuliza hata anapoona kimekwisha, mpaka macho yamtoke. Mtu aliyepuliza sawasawa huonekana kama anayejifungua. Mate yanaruka, uso unavimba, sauti inatoka, na kwa mwanamke aliyezaa watoto wengi hakuna dhamana kwamba hewa itatokea juu peke yake. Mtaalamu wa vipimo, dada mmoja mchangamfu, alimwomba radhi mama kwanza kwamba atampigia kelele, kwa sababu ndivyo kazi ilivyo. Akaanza: "Puliza, puliza, puliza, bibi, usiache, malizaaa!"

Mume wangu alikuwa amekaa kwenye kiti kando ya mlango. Alikuwa ameomba ruhusa kazini ili awepo. Naye akasaidia: "Mama, puliza kama unazima kibatari!"

Mama alipuliza kama anayepoza uji wa mtoto. Akarudia, ikawa vilevile. Mara ya tatu aliuziba hata mdomo kwa pindo la khanga, bomba likiwa ndani. Yule dada alitazama mchoro kwenye kioo cha mashine, akasema kwa upole kwamba hiki si kipimo, bibi hajatumia nguvu yake, labda amechoka na safari. Daktari akatuambia tumrudishe akishapumzika, na kwamba kwa sasa akae mbali na moshi kabisa.

Hatukumrudisha, kwa sababu alipona. Au tuseme nyumba iliacha kusikika kikohozi, na sisi tukalipa jambo hilo jina la kupona. Siku za mwanzo tulimsikia kidogo chumbani kwake, kisha ikawa kimya. Jioni alikaa mkekani na watoto jikoni, akiwachambulia mlenda mkavu aliokuja nao, na hakukohoa. Jumapili alikaa kutwa nzima nyumbani asikohoe. Mume wangu aliwaambia wenzake kazini kwamba mama mkwe wake alikuwa karibu kufa kwa moshi wa kuni na sasa yuko imara, na kwamba serikali ingetoa jiko la gesi kwa kila bibi nchini mambo mengi yangekwisha. Mimi mwenyewe niliingiza kisa hicho darasani. Kitabu kinasema mtu akiondoka kwenye moshi, kikohozi mara nyingi huongezeka kwanza, maana vile vinyweleo vilivyosalia vinaamka na kuanza kufanya kazi. Hilo nililifundisha pia, kipindi kilekile, na sikuona tatizo.

Wiki za kazi zilikwenda vizuri. Sisi wawili tulitoka asubuhi, watoto wakaenda shule, mama akabaki na nyumba. Jirani yetu, ambaye nguo zake anazianika karibu na ukuta wetu, aliwahi kuniambia mama yangu mchana anakohoa sana, maskini. Nikamjibu kwamba ni vumbi. Makole wakati ule ilikuwa na vumbi la kutosha kulaumiwa kwa lolote.

Kisha mume wangu akachukua likizo yake ya mwaka. Angeweza kwenda Dar kuona ndugu zake. Alisema hapana, mama yuko peke yake kutwa nzima kama mlinzi, atakaa naye. Akapiga lipu ukuta wa nyuma uliokuwa umesubiri muda mrefu, akahamishia redio yake sebuleni, akawa anapika chai saa nne na kumpelekea mama kikombe mlangoni. Nilikuwa nikirudi kutoka shuleni nawakuta wametulia, yeye na sepetu yake nje, mama ndani amekaa kitandani ameegemea ukuta. Niliona anakula kidogo. Niliona maji ya bafuni yanafunguliwa mara kwa mara na kwa muda mrefu. Niliona pia kwamba khanga moja, ile aliyoipenda kujitandia mabegani, ilikuwa inafuliwa kila siku.

Jumamosi moja aliamka na homa. Alisema mbavu za kulia zinamchoma akivuta pumzi. Alikuwa anahema kwa haraka na kwa juujuu, pumzi fupi fupi, mabega yakipanda na kushuka, na kucha zake zilikuwa na rangi nisiyoipenda. Niliogopa. Ninaandika hivi kwa utulivu kwa sababu imepita, lakini ndani ya gari niliogopa kiasi cha kusahau jina la mtaa tuliokuwa tunaupita.

Hospitalini walimbana kidole kwa kile kifaa kidogo kinachosoma oksijeni ya damu, wakamwekea mirija puani, wakampiga picha. Sehemu ya chini ya pafu la kulia ilikuwa nyeupe. Hewa kwenye picha huonekana nyeusi, kwa hiyo pafu zima ni jeusi, na pale penye weupe pana kitu kingine kimekaa mahali pa hewa. Vile vifuko vidogo ambavyo damu inapaswa kupokelea oksijeni vilikuwa vimejaa usaha na ute. Nimonia, akasema daktari, yuleyule wa mwanzo. Akauliza amekuwa akikohoa makohozi ya rangi gani.

Mume wangu akajibu kabla yangu. "Hakohoi, daktari. Hajakohoa kabisa tangu mwezi uliopita."

Alilisema kwa fahari. Daktari aliacha kuandika, akamtazama, akanitazama mimi.

Dawa zilianza kuingia kwa sindano. Mchana akaja mtaalamu wa mazoezi ya kifua. Akamkalisha mama kitandani, akamwinamisha mbele kidogo, akaanza kumpigapiga mgongo kwa viganja vilivyokunjwa kama anayeteka maji. Alieleza anachofanya: ute umekaa chini, anaubandua, na mama ndiye atakayeutoa. Dawa zitaua vijidudu lakini haziwezi kubeba uchafu nje. "Haya mama, vuta pumzi ndefu. Sasa kohoa. Kohoa kwa nguvu."

Mama hakukohoa. Niliona kikohozi kinapanda. Kila mtu aliyesimama pale alikiona, kilimtikisa mabega, kikamvimbisha mishipa ya shingo, na yeye akakikunjia midomo, akaweka khanga, akakimeza. Machozi yakamtoka. Kisha akatazama miguuni mwa kitanda, si usoni kwa mtu, chini kidogo tu, mahali zilipokuwa ndala za mume wangu. Alikuwa amesimama pale na chupa ya uji, akisema, "Kohoa mama, usiogope, tuko wote hapa."

Ndipo nikaelewa, yote kwa mara moja, bafu na khanga na ile pumzi ya kupoza uji aliyoipuliza kwenye mashine. Nilimshika mume wangu kiwiko nikamwambia atoke nje.

"Kwa nini?"

"Toka tu. Nenda mpaka kwenye gari."

Uso wake ulikuwa wa mtu aliyefukuzwa msibani. Aliweka uji juu ya kabati, akatoka. Mama alisubiri mpaka sauti ya ndala ilipopotea kwenye korido. Halafu akakohoa. Sijawahi kusikia kitu kama kile na sitaki kukisikia tena. Alikohoa wodi nzima ikanyamaza, akaegemea mkono wa mtaalamu, akatema kwenye bakuli, akakohoa tena. Yaliyotoka yalikuwa ya rangi ya kutu. Yule mtaalamu alisema safi sana mama, safi sana, kama anayempongeza mwanafunzi, na alikuwa na haki.

Alipotulia nilimwuliza, kwa Kigogo, kama amekuwa akikizuia muda wote ule.

"Sasa nikohoe mbele ya mkwe?" alisema. Sauti ilikuwa imekwaruzika. "Nitapike makohozi yangu, yeye yuko ukutani hapo anakunywa chai?"

"Mama, yeye hajali. Amekulia mjini. Hatasema neno."

"Yeye hatasema. Lakini mimi nitakuwa nimesikika."

Nilikuwa na mengi ya kumweleza, kuhusu vinyweleo na ute na vifuko. Nilikuwa nimeyaeleza kwa watoto wa watu kwa miaka mingi. Nikayaacha, kwa sababu aliyajua yote aliyohitaji kuyajua. Alijua kabisa kwamba kinachotaka kutoka kinapaswa kutoka. Alikuwa akisubiri tuondoke asubuhi, anakwenda uani nyuma ya tangi la maji, karibu na kamba ya nguo ya jirani, anajisafisha mpaka adhuhuri, na jioni ana uwezo wa kukaa kimya. Likizo ndiyo iliyomharibia utaratibu.

Mume wangu nilimkuta kwenye gari. Nilimweleza kwa ufupi. Alisikiliza akiwa ameshika usukani ingawa gari lilikuwa limezimwa.

"Kwa hiyo nilikuwa namwua," alisema.

"Ulikuwa unampikia chai."

"Ndiyo hiyohiyo."

Nilimwambia asianze kulia kwenye maegesho ya hospitali, na yeye akaniambia halii. Tangu siku ile alileta uji mpaka mlango wa wodi, akaniachia mimi, akageuka.

Mama alipona nimonia. Wiki kadhaa baadaye tulirudi kwa yule dada wa mashine ya pumzi. Mume wangu alituteremsha getini akaenda zake kabla hatujafika kwenye ngazi. Mama alishika bomba, akavuta hewa, na yule dada alipoanza kelele zake mama alipuliza hata karatasi za mezani zikahama. Uso ulivimba, sauti ikatoka, na nyingine pia ikatoka, akacheka katikati ya kipimo ikabidi warudie. Yule dada alipiga makofi.

Mchoro ulisema hivi, na daktari akatusomea. Mtu mwenye mapafu mazima, akipuliza, sehemu kubwa ya hewa inatoka kwenye sekunde ya kwanza, kama unavyomwaga debe. Ya mama ilitoka kidogo kidogo, ikaendelea kutoka kwa muda mrefu, kama mtama kwenye gunia lililotobolewa tundu dogo. Hewa anayo. Njia zake ndizo zilizosinyaa na kukakamaa kwa moshi, kwa hiyo ya zamani haijatoka yote wakati mpya inataka kuingia, na ndiyo maana anabanwa. Tatizo halitarudi nyuma, alisema daktari, lakini linaweza kuzuiwa lisiende mbele. Akampa dawa ya kuvuta mdomoni, na nesi akatuonyesha namna ya kuipulizia kwanza ndani ya chupa tupu ya plastiki iliyotobolewa kitako, ili mama avute polepole bila kulenga. Mambo ya moshi sasa basi. Akae mjini.

Tukiwa kwenye benchi tukisubiri dawa, mama alilifikiria jambo hilo kwa sauti.

"Mjini hakuna moshi," alisema. "Lakini mjini hakuna pa kukoholea."

Mume wangu alipendekeza kujenga chumba cha pembeni uani, na mlango wake, na choo chake. Mama alinituma nimshukuru na nimwambie kwamba uani kwa mkwe bado ni kwa mkwe. Akapendekeza kupanga chumba mtaa wa pili. Mama akauliza mzee kama yeye atapangaje chumba kama mwanafunzi wa chuo. Nilikuwa katikati nikibeba maneno kutoka sebuleni kwenda chumbani na kurudi, nikiwa na hasira na wote wawili. Nilimwambia mama waziwazi kwamba heshima hii itamzika. Alinitazama kwa utulivu, akasema nimekaa sana na vitabu. Kisha akaanza kufunga mizigo.

Kwa hiyo jiko ndilo lililohamishwa. Kaka zangu walijenga banda la kupikia nje ya tembe, wazi pande mbili, upepo unapita. Mume wangu alinunua mapipa ya plastiki yenye vifuniko vya kukaza, akapeleka kwa kaka zangu na maelekezo aliyoyapata kwa mabwana shamba wa wizara nyingine: mbegu zikaushwe sana juani, zichanganywe na majivu, pipa lifungwe hewa isiingie, wadudu watakufa wenyewe kwa kukosa pumzi. Mama alisikiliza maelekezo hayo kupitia kwangu. Alisema anaamini kuhusu wadudu, maana pumzi ni pumzi. Mbegu nyingi alizitia mapipani. Masuke machache aliyaacha yaning'inie juu ya mafiga yaliyopoa, kama akiba, na mtu yeyote asimwulize.

Tulikwenda kumtembelea kabla ya mvua. Barabara ilikuwa vumbi tupu na jua lilikuwa lile la Oktoba linalokaa kichwani. Mume wangu aliegesha karibu na zizi, mbali kidogo na nyumba, akabaki ndani ya gari na vioo vimeshushwa. Mama alitoka mlangoni, wakasalimiana kwa mbali, kila mmoja akitazama upande wake. "Shikamoo mama." "Marahaba, baba. Mbukwenyi." Salamu ya Kiswahili na ya Kigogo, ikaishia hapo. Mimi na mama tulikaa kwenye kivuli cha banda, tukaongea kuhusu ndugu na mbuzi na kama anavuta dawa kila siku. Alikuwa amenenepa kidogo. Alikuwa anahema vizuri kuliko nilivyotarajia, na nilifurahi sana.

Halafu kikohozi kikamjia. Nilikiona kinapanda kama siku ile wodini. Alishika nguzo ya banda, akakaza shingo, akaangalia upande wa zizi, akaanza kukimeza. Niliinuka. Sijui nilikuwa nataka kufanya nini, labda kumpigia kelele.

Kule kwenye gari kioo kimoja kikapanda. Kisha cha pili. Vyote vinne vikafungwa, na ndani yake redio ikawashwa kwa sauti kubwa, taarabu ikasikika kama inatoka chini ya maji. Nilimwona mume wangu nyuma ya kioo ameinamisha kichwa, hatutazami.

Mama naye alisikiliza.

"Amefunga vioo?"

"Amefunga."

"Na jua lote hili?"

Nikamwambia ndiyo. Akakohoa. Alikohoa akiwa ameshika nguzo kwa mikono miwili, bila khanga mdomoni, kwa muda aliouhitaji, akatema kwenye kopo la majivu, akapumzika, akakohoa tena mpaka kifua kikawa chepesi. Alifuta mdomo. Akavuta pumzi ndefu, ikaingia yote, akaiachia.

"Nenda kamwambie afungue," alisema. "Atakufa kwa joto mtoto wa watu."

Nikaenda kumgongea kioo.